Neno Lililofutwa: Kujifunza Kiingereza cha Tiba kwa Sentensi za Kujaza Nafasi

Mwaka 2016 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Kyela. Watafiti wa Mbeya na wa Munich, Ujerumani, walitumia taarifa na sampuli za wakazi waliofuatiliwa kati ya mwaka 2006 na 2011. Walichunguza ni nani aliyekuwa na vimelea vya matende mwilini, kisha ni nani aliyepata maambukizi mapya ya VVU. Ilibainika kwamba wenye vimelea hivyo walipata VVU kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya kile cha wasio navyo. Habari hii inawahusu wakulima wa mpunga na kakao wa bonde la Kyela kuliko mtu mwingine yeyote, lakini iliandikwa kwa Kiingereza. Muuguzi wa Ipinda au tabibu wa Matema anayetaka kuwaeleza wananchi hana budi kupita kwanza katika lugha hiyo.

Tuchukue sentensi moja juu ya utafiti huo, tufute maneno machache, na tumpe mtahiniwa ayarudishe:

In Kyela, filarial infection was ______ an increased risk of HIV.
(a) due to  (b) associated with  (c) caused by  (d) the cause of

Majibu yote manne yanakubalika kisarufi, na hapo ndipo ulipo ugumu wake. Jibu (a) na (c) yanaigeuza habari kichwa chini miguu juu, kwa kuwa yanadai kwamba hatari ya VVU ndiyo iliyoleta vimelea. Jibu (d) linadai kwamba vimelea ndivyo vinavyosababisha hatari hiyo. Huenda vinachangia, maana mwili unaopambana na minyoo kwa muda mrefu kinga yake hubadilika. Lakini kuwafuatilia watu peke yake hakutoshi kuthibitisha dai la namna hiyo. Jibu (b) ndilo sahihi: mambo mawili yameonekana yakiandamana, na sababu ya kuandamana kwake bado inatafutwa.

Mtahiniwa anayechagua (d) hupoteza alama moja. Mtoa huduma anayeichagua akiwa mbele ya mkutano wa kijiji anaweza kumpotezea jirani heshima yake. Watu watasikia kwamba matende yanaleta UKIMWI, kisha watamtazama kwa jicho jingine mama mwenye mguu uliovimba. Tena watakuwa wamemtazama mtu asiye yeye, kwa sababu wengi wenye vimelea vya matende hawana uvimbe wowote unaoonekana. Wengine watadhani kwamba mbu anayeeneza matende anaeneza pia VVU, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Zoezi la kujaza nafasi si geni. Mwaka 1897 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alilitumia kwa wanafunzi wa mji wa Breslau, alipotakiwa kuchunguza jinsi akili ya mtoto inavyochoka kadiri saa za masomo zinavyosonga. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alilitumia kwa lengo jingine: alifuta maneno katika matini kwa mpangilio maalumu ili kupima kama matini yenyewe inasomeka. Tofauti hiyo ni kubwa, na itarejewa mbele. Leo zoezi hili limeenea katika vitabu vya maandalizi ya mitihani ya ushindani, na wahitimu wa vyuo vya afya wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, au kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huvinunua au kuazimana. Vingi kati ya vitabu hivyo ni hafifu. Hukusanya maneno adimu ambayo hata mzawa wa Uingereza huyakuta mara moja kwa mwaka, na kumwacha msomaji bila msaada katika maneno ambayo atayaandika kwenye faili la mgonjwa kila siku.

Ni nafasi ipi basi inayofaa kuachwa wazi? Ni ile ambayo neno lake likibadilika, kitendo kwa mgonjwa hubadilika. Mathalani:

Ivermectin should be ______ from pregnant women during mass treatment.

"Withheld" na "withdrawn" yanafanana kwa sura na kwa herufi za mwanzo. La kwanza humaanisha kutompa mtu dawa tangu hapo. La pili humaanisha kuiondoa dawa aliyokwisha kuanza. Wakati wa ugawaji wa kingatiba, mjamzito hapewi kabisa, kwa hiyo jibu ni "withheld". Msomaji makini ataona pia kidokezo kilichobaki ndani ya sentensi: "during mass treatment" ni tukio la kumeza mara moja, wala hakuna matibabu yanayoendelea ya kukatishwa. Nafasi nzuri daima huacha kidokezo cha aina hiyo. Isiyo na kidokezo hupima bahati.

Jozi nyingine inayostahili kukaliwa kwa muda ni "incidence" na "prevalence". "Incidence" huhesabu visa vipya vilivyotokea katika kipindi fulani. "Prevalence" huhesabu wote walio na ugonjwa kwa wakati fulani, wa zamani na wa sasa. Fikiria sentensi hii: As people on treatment live longer, the ______ of HIV may rise even while its ______ falls. Nafasi ya kwanza ni "prevalence", ya pili ni "incidence". Dawa za kufubaza VVU huwawezesha watu kuishi miaka mingi, hivyo idadi ya wanaoishi na virusi huweza kupanda hata maambukizi mapya yanapopungua. Asiyetenganisha maneno haya mawili anaweza kusoma mafanikio ya kliniki yake akadhani ni kushindwa. Na katika sentensi ya Kyela, kilichokaribia kuwa mara mbili ni "incidence", kwa kuwa waliofuatiliwa walianza wakiwa hawana VVU.

Makosa mengine hayatoki katika Kiingereza, bali huletwa na Kiswahili chetu wenyewe. Neno "sugu" ni mfano bora. Husemwa "ugonjwa sugu" kwa maana ya ugonjwa wa muda mrefu, na husemwa "kifua kikuu sugu" kwa maana ya kile kisichosikia dawa. Kiingereza hutenganisha: la kwanza ni "chronic", la pili ni "resistant". Mtahiniwa aliyezoea neno moja kwa mambo mawili huandika "chronic tuberculosis" mahali pa "resistant tuberculosis", na matibabu yake ni tofauti kabisa. Vivyo hivyo wengi hudhani "acute" ni ugonjwa mkali na "chronic" ni ugonjwa uliozidi ukali, ilhali maneno haya hutaja muda. Ukali una neno lake, "severe". Mguu wa matende huyaonyesha haya vizuri:

A man with ______ swelling of the leg for nine years came with an ______ attack of fever and pain that began yesterday. The pain was ______.

Miaka tisa inadai "chronic". Jana inadai "acute", na kile kibainishi "an" kilichotangulia kinathibitisha kwamba neno linaanza na irabu. Maumivu yanadai "severe". Anayejizoeza kutazama vibainishi na vihusishi vilivyo kandokando ya nafasi atapata alama nyingi hata pale ambapo neno lenyewe hana uhakika nalo.

Kuna pia maneno ya kawaida ambayo tiba imeyapa kazi nyingine. "The patient complains of a cough" haisemi kwamba mgonjwa ananung'unika. "He denies night sweats" haimshutumu kwa kuficha. Mgonjwa aliyesomewa faili lake kwa tafsiri ya neno kwa neno, akaambiwa "umekana kutoka jasho usiku", ana haki ya kuchukia. Tafsiri yake ni kwamba alipoulizwa alisema hatokwi jasho. Basi.

Kuhusu namna ya kujizoeza, utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi zaidi baada ya siku kadhaa kuliko waliokisoma tena na tena. Hivyo inafaa kufunika majibu manne kwa karatasi, kuandika neno la kwako kwanza, ndipo kufunua. Kuchagua jibu lililo machoni ni rahisi kuliko kulitoa kichwani, na wodini hakuna herufi a hadi d. Sentensi zilizokoswa zirudiwe baada ya siku moja, kisha baada ya wiki. Zile zilizopatwa kwa kubahatisha zihesabiwe kuwa zimekoswa. Afadhali sentensi tano kila jioni kuliko mia moja usiku wa kuamkia mtihani.

Sasa turudi kwa Taylor. Alichokipima yeye kilikuwa maandishi, wala si msomaji. Wasomaji wengi wakishindwa kurudisha maneno yaliyofutwa, lawama ilimwendea mwandishi. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani waliitumia njia hii katika kipimo cha uelewa wa maandishi ya afya, wakafuta maneno katika maelezo halisi ya hospitali. Njia hiyohiyo yaweza kutumika kwa vipeperushi vyetu vya Kiswahili kabla havijachapishwa. Tazama aya hii, iliyotungwa kwa mtindo unaojulikana mno:

"Uvimbe wa kilimfu hudhibitiwa kwa ______ usafi wa kiungo athirika na ______ wake mara kwa mara."

Mkulima anayeshinda na miguu ndani ya maji ya jaruba hatajaza hata nafasi moja, na hakuna sababu ya kumlaumu. Tuiandike upya:

"Osha mguu uliovimba kila siku kwa maji safi na ______. Ukaushe vizuri, hasa katikati ya ______. Ukikaa, uweke ______ ya kigoda."

Sabuni, vidole, juu. Maana imebaki ileile, na mgonjwa hana haja ya kamusi.

Jambo hili lifanywe kwa adabu. Mzee aliyekuja kliniki hakuja kufanya mtihani, na kumpa karatasi yenye mapengo ni kumtia aibu, hasa kama kusoma kwake ni kwa shida. Inatosha kumsomea kwa sauti na kunyamaza penye nafasi: "Baba, mguu huu utauosha kwa maji na…?" Akimalizia mwenyewe, sentensi imefaulu. Akinyamaza au akijibu jingine, ibadilishwe sentensi. Kwa wakazi ambao Kinyakyusa ndicho lugha yao ya nyumbani, pause hiyo hiyo ifanywe kwa Kinyakyusa, na jibu linalotolewa liandikwe kama lilivyosemwa. Mara nyingi neno la mgonjwa huwa bora kuliko lililokuwa limechaguliwa ofisini, na ndilo linalopaswa kwenda kwa mpiga chapa.

Mazoezi ya wiki hii ni matatu, nayo yafanywe huku majibu yamefunikwa:

1. Lymphatic filariasis is ______ by mosquitoes. HIV is not.
2. The health worker measured each person's height to decide the ______ of ivermectin.
3. Most people infected with the worm have no ______ swelling.

Majibu: 1. transmitted, au spread. 2. dose. 3. visible. Aliyeandika "painful" katika sentensi ya tatu hajakosea sarufi, ila arudi kwenye aya ya nne ya somo hili.