Mtungi Uguswe Mwisho: Mafunzo Niliyopata kwa Leza ya Mkono

Katika karakana yetu Dar es Salaam tunaunda masinki na meza za stenlesi za majiko ya hoteli. Mteja hupitisha kiganja kwenye mshono kabla ya kulipa. Akikuta matone ya chuma yamegandia pembeni, kazi inarudi kwenye grenda na msasa, na faida inaishia hapo. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu gesi na cheche katika kuchomelea kwa leza ya mkono.

1. Jua cheche zinatoka wapi. Mwali wa leza huchimba tundu jembamba ndani ya chuma kilichoyeyuka, na mvuke wa chuma ndio unaolishikilia wazi. Mvuke ukitoka kwa vurugu, hung'oa matone ukingoni mwa tundu. Gesi ya kinga kutoka mtungini huupeperusha mvuke na moshi utoke njiani mwa mwali, hivyo nguvu inayofika kwenye chuma haiyumbi. Pia huzuia oksijeni isifike kwenye mshono.

2. Gesi nyingi si kinga kubwa. Kwa mashine ya mkono, lita 15 hadi 20 kwa dakika hutosha kazi nyingi. Ukizidisha mno, mkondo huvurugika, huvuta hewa ya nje na kutikisa chuma kilichoyeyuka, nazo cheche huongezeka. Soma rangi ya mshono: ukiwa wa fedha au dhahabu hafifu, kinga ipo, ukiwa kijivu au mweusi, hewa imeingia. Na hata joto likizidi, feni isielekezwe kwenye meza ya kuchomelea.

3. Agoni inatosha. Ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.4, hivyo hutulia juu ya mshono. Heli ilipendwa zaidi enzi za leza za kaboni dioksidi, zenye urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, kwa sababu agoni iligeuka plazima kwa urahisi na kumeza mwali. Leza zetu za nyuzi, zenye takriban maikromita 1.07, hazisumbuliwi sana na hilo. Naitrojeni hufaa stenlesi nyingi za jikoni, lakini huifanya titani iwe dhaifu na kupasuka.

4. Gesi haisafishi chuma. Gavanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki, ndiyo mwalimu mkali. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma huhitaji karibu 1,500 kuyeyuka. Bati mbili zikilaliana na kubanana, mvuke wa zinki hutokea palepale kwenye chuma kilichoyeyuka na kukirusha. Kwangua zinki, au acha mwanya wa milimita 0.1 hadi 0.2 mvuke upite. Mafuta, rangi na unyevu navyo viondolewe.

5. Agoni haina harufu. Ukichomelea ndani ya tangi, hujaa chini na kuisukuma nje hewa ya kupumua. Mtu asiingie bila hewa safi kupulizwa ndani na mwenzake kusimama mlangoni. Miwani nayo iwe ya leza husika, kwa kuwa mwali huu hauonekani kwa macho.

6. Mtungi uguswe mwisho. Kijana akilalamika kuhusu cheche, namwambia akague kwanza usafi wa chuma, kisha kioo cha kinga kwenye bunduki, maana doa dogo huchafua mwali, kisha fokasi na kasi ya mkono. Vyote vikiwa sawa, ndipo ashike kipimo cha gesi.