Ute wa Mayai ya Chura Kama Somo la Sayansi

Mwanachuo aendapo mazoezi ya kufundisha katika shule za Muheza au Pangani, aghalabu huandika hivi katika andalio lake la somo: "Chura hutaga mayai majini. Ute huyalinda." Sentensi hizo si za uongo, lakini zinabana mno. Wakati wa masika, mtoto wa huko huenda amekwisha kuona povu jeupe kwenye tawi lililoinamia dimbwi. Hiyo ni kazi ya chura aitwaye Chiromantis xerampelina. Jike hutoa majimaji ya mrija wake wa mayai, huyapigapiga kwa miguu ya nyuma hata yakageuka povu, na mayai hukaa humo. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Mtoto akieleza habari hiyo darasani, kisha akaambiwa amekosea, atakuwa amefundishwa kutoyaamini macho yake.

Hatuna budi basi kuujua ute wenyewe kabla ya kuufundisha. Yai litokapo katika ovari halina ute. Hupakwa tabaka baada ya tabaka linapopita mrijani. Kwa Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika anayefugwa katika maabara nyingi duniani, matabaka hayo ni matatu. (Ndugu yake wa pwani yetu ni Xenopus muelleri.) Ute huo ni maji mengi pamoja na glikoprotini, yaani protini zilizobeba minyororo ya sukari. Mwalimu achukue kuti la mnazi: upongoo ni protini, na majani yaliyopangika ubavuni ni minyororo ya sukari. Miongoni mwa sukari hizo ni galaktosi na fukosi. Wanafunzi watauliza kama ni tamu. Wajibiwe kwamba si kila sukari ni ya chai, na wala mayai hayaonjwi.

Minyororo hiyo hushika maji, na kwa sababu hiyo ute huvimba mara mayai yaingiapo dimbwini. Lakini lipo jambo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1990 Gérard Strecker na wenzake wa Lille, Ufaransa, waliichambua minyororo ya sukari katika ute wa mayai ya aina mbalimbali za amfibia, wakaona kwamba kila aina ina mpangilio wake. Tena, yai la Xenopus laevis likivuliwa ute wote kabla ya kukutana na mbegu za kiume, kwa kawaida halirutubishwi; likitiwa katika maji yaliyolowekewa ute, urutubishaji huweza kurudi. Kwa hiyo ute si blanketi tu, bali umo katika kazi yenyewe ya uzazi. Hata hivyo mwalimu asikimbilie kusema kwamba sukari peke yake huchagua mbegu ya kiume. Hilo halithibitishwi na majaribio hayo.

Kwa zana ya kufundishia, tunapendelea mbegu za mrehani kuliko mayai yaliyozolewa kwa ndoo. Wanafunzi watie kijiko kimoja katika bilauri ya maji na kutazama. Baada ya dakika chache kila mbegu nyeusi huvikwa ute mwangavu, na bilauri hufanana ajabu na dimbwi la mayai. Wachore walichokiona kabla mwalimu hajaeleza lolote. Kisha waambiwe tofauti: ute wa mrehani ni minyororo ya sukari ya mmea, ilhali wa chura umejengwa juu ya protini. Mwalimu akiliruka hilo, mfano utageuka kuwa kosa.

Ndipo darasa liende dimbwini, likatazame bila kushika. Mashada ya mayai, nyuzi ndefu zenye mayai meusi, povu juu ya tawi: kila kundi lichore kimoja na kuandika mahali lilipokiona. Warudipo, wapewe swali hili kwa majadiliano. Katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, yumo chura mdogo Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi kabisa bali huzaa vichura vilivyokwisha kukamilika. Je, mayai yake, yakaayo tumboni, yana haja gani ya ute?