Kumfuata Mwigizaji: Mzee Ojwang' katika Vioja Mahakamani na Vitimbi

Wahakiki wa vipindi vya televisheni aghalabu huanzia kwenye msuko na maudhui. Mtazamaji wa kawaida huanzia kwingine: humpenda mwigizaji, akamfuata kila aendako, hatimaye akakipenda kipindi ambacho asingekitafuta. Chukua mfano wa Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, maarufu kama Mzee Ojwang'. Aliigiza katika Vioja Mahakamani na Vitimbi, vyote vya KBC.

Je, ni nini kilichovuka pamoja naye? Si msuko, kwani Vioja umejengwa juu ya kesi na hakimu, ilhali Vitimbi ulitegemea mivutano ya mume na mke, yaani yeye na Mama Kayai. Kilichovuka ni sauti. Wanjau, Mkikuyu kwa asili, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi uliowafanya wengi wamdhanie Mjaluo. Mtazamaji aliitambua lafudhi hiyo kabla hajajua kisa kinahusu nini. Kwa hivyo, mwanafunzi anayechunguza Vitimbi kwa kusoma maneno yaliyonakiliwa tu, bila kusikiliza matamshi, ameacha nje kile hasa kilichomvuta mtazamaji.