Umetumwa Ndanda, na Mtoto Ana Homa

Leo tujifunze juu ya homa ya mtoto mdogo. Hatutaanza na mbu. Tutaanza na safari yako ya kwenda Ndanda.

Wewe ni kijana wa miaka 20 hivi. Unakaa kijiji cha juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ni mwezi wa Februari. Mvua zinanyesha na palizi imepamba moto. Wakati kama huu kijana hana mapumziko, kila mtu anamtuma. Mama anataka chumvi na sabuni. Baba amekupa jembe likafuliwe kwa mhunzi. Bibi ana debe la mahindi la kusaga, maana mashine ya kijijini imeharibika.

Unapofunga mzigo kwenye baiskeli, dada yako anatokea na mtoto mgongoni. Mtoto ana miaka 2. Dada anasema, "Kaka, huyu tangu jana saa 2 usiku mwili ni wa moto. Ukipata nafasi nipitie dukani, uniletee panadoli."

Ukipata nafasi! Shika maneno hayo, tutayarudia.

Saa 12 na nusu asubuhi unateremka. Njiani unakutana na bibi mmoja, ana mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

Bibi anapita, nawe unapita. Adabu yetu ni kujibu "hatujambo" kwanza, hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Sawa, hilo silipingi. Lakini huko nyuma kulikuwa na neno la kuongeza: "Hatujambo, ila mtoto wa dada ana homa." Bibi angesimama. Angeuliza, tangu lini? Ananyonya? Anatapika? Bibi wa umri ule ameona watoto wengi wa homa, na huenda angekugeuza pale pale.

Saa 2 asubuhi umefika kwenye mashine. Kuna foleni. Unatoka hapo saa 4. Kwa mhunzi makaa hayajashika, unakaa kwenye gogo na kusubiri. Anapita kijana mliyesoma naye darasa la saba. Mnaongea habari za mpira, za korosho, za nani ameoa. Saa 6 mchana unaingia dukani. Muuzaji anakupa panadoli. Halafu anasema, "Nikukatie na za malaria? Vidonge viwili vitatosha." Rafiki yako anadakia, "Usinunue. Nyumbani ninavyo, vilibaki mwezi uliopita."

Mlima ni mkali na mzigo ni mzito. Unafika nyumbani saa 10 jioni.

Sasa chukua kalamu, tuhesabu. Homa ilianza saa 2 usiku. Kutoka saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi ni saa 12. Kutoka saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni ni saa 8. Jumla ni saa 20. Kwa saa 20 mtoto hajapimwa, wala hajapata dawa ya kutibu ugonjwa wake.

Kwa nini tunahesabu saa? Kwa sababu vijidudu vya malaria huongezeka ndani ya damu. Huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaana humo, huzipasua, kisha huingia katika nyingine. Mtu mzima aliyeugua mara nyingi mwili wake umejifunza kupigana navyo. Mtoto chini ya miaka 5 hajajifunza. Asubuhi anaweza kuwa na homa tu, na usiku akawa amezimia. Ndiyo maana tunasema mtoto mwenye homa apimwe na kuanza kutibiwa kabla ya saa 24 kwisha. Panadoli hushusha joto, lakini haiui kijidudu hata kimoja. Inaweza hata kuwadanganya: mtoto anapoa, anacheza kidogo, nanyi mnasema amepona.

Haya, turudi asubuhi, baiskeli bado haijaondoka. Dada amesema "ukipata nafasi". Wewe jibu: "Dada, mfunge mtoto vizuri, twende wote." Chumvi itangoja. Mahindi yatangoja. Jembe la baba halitakufa.

Hapo patatokea neno: "Tumsubiri mjomba aamue." Katika desturi zetu za Wamakonde na Wamakua mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na si vibaya. Lakini mjomba wa mtoto huyu ni nani? Ni wewe, kijana. Na kama u msichana, wewe ni mama yake mdogo. Mzee apelekewe habari, nanyi mkiwa njiani.

Huwezi kumfuatia mtoto dawa ya malaria kama unavyofuata sabuni. Lazima mtoto mwenyewe afike. Zahanati tunamtoboa kidole, tunachukua tone la damu na kuliweka kwenye kipimo. Majibu hutoka kama dakika 20 hivi. Tunampima na uzito, maana dawa hutolewa kwa kilo. Mara nyingine kipimo huonyesha hakuna malaria. Usiseme umepoteza safari. Homa inaweza kutoka kifuani, masikioni au kwenye mkojo, na kila moja ina tiba yake. Kwa utaratibu wa serikali mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vyake, kwa hiyo asiwepo wa kukaa nyumbani akingoja msimu wa korosho.

Wazee watakuambia klorokwini ilitosha. Ni kweli, zamani ilitosha. Vijidudu vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha. Dawa iliyofuata nayo ikalegea. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida ni dawa mseto. Ukikuta mtu anakuuzia vidonge viwili bila kupima damu, mwache na duka lake.

Ziko dalili ambazo hazingoji hata kipimo cha kijijini: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea haamki, anapumua kwa shida, viganja vimekuwa vyeupe, au ameshikwa na degedege. Huyu apelekwe upesi kwenye kituo kilicho karibu, na akipewa rufaa ya hospitali, kama ile ya misheni ya Ndanda, msirudi kwanza nyumbani kushauriana.

Degedege nitalisema wazi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ni dege la usiku au shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo hufukizwa moshi kwanza, na hospitali hufika amechoka kabisa. Watu wakaona amekufa baada ya sindano, wakailaumu sindano. Aliyeua ni malaria, na saa zilizopotea. Mtoto akishikwa, mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala dawa mdomoni. Mvue nguo nzito, na safari ianze.

Sasa tuseme kipimo kimeonyesha malaria ya kawaida, na mtoto amemeza dozi ya kwanza saa 3 asubuhi. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, yaani saa 11 jioni. Kesho yake saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Keshokutwa vivyo hivyo. Jumla ni dozi 6 kwa siku 3. Ampe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Uji wa karanga unafaa sana, nasi karanga tunazo. Akitapika kabla ya nusu saa, arudiwe dozi ile, na mje kuchukua nyingine ya kufidia. Usiku alale ndani ya chandarua. Msiseme mbu wako bondeni kwenye mito tu. Huku juu dimbwi la mvua na kisima kisichofunikwa vinamtosha.

Siku ya pili mtoto atacheza. Dada yako atataka kuweka akiba vidonge vilivyobaki. Vile vya rafiki yako pale dukani vilibaki namna hiyo hiyo: mtoto alipata nafuu, dozi ikakatwa, vijidudu vichache vikabaki mwilini. Mkumbushe dada, naye amalize zote 6. Na kama baada ya siku 3 mwili bado ni wa moto, mrudisheni zahanati pamoja na kadi yake.