Neno "Charge" na Mizigo Yake



Mtu ajifunzaye Kiingereza hupewa kwanza orodha ya maneno: upande huu neno la Kiingereza, upande ule neno moja la Kiswahili. Orodha hiyo yafaa kwa mwanzo, kama uji umfaavyo mtoto kabla ya ugali. Lakini atakayebaki na orodha peke yake, siku moja itamtia hasarani, yeye au jirani yake. Hayo nayajua kwa kuwa yalinipata. Leo nataka tulitazame neno moja tu, neno "charge", ambalo kila siku twalikuta katika barua, katika hati za mahakama, hospitalini na dukani.

Nilipokuwa kijana wa kidato cha pili, nalikuja nyumbani kwa likizo. Jirani yetu, mzee mwenye heshima, alikuwa na mwanawe katika shule ya bweni iliyo mbali. Siku moja alipokea barua ya Kiingereza, akaja kwa baba yangu akasema, "Kijana wako anajua Kizungu, na anisomee." Barua ilikuwa fupi, mistari minne tu. Mwandishi wake alikuwa muuguzi mgeni wa hospitali iliyo karibu na shule ile. Alisema ya kuwa mtoto ana homa, na ya kuwa yuko katika "charge" yake, na ya kuwa siku ya Ijumaa atakuwa "discharged".

Neno la kwanza nalilijua kwa orodha yetu ya shule: charge, shitaka. Neno la pili sikulijua. Nalikumbuka tu kwamba askari mmoja wa kijijini kwetu aliondolewa jeshini kwa neno hilo. Basi nikaunga moja na moja, nikasema mbele ya watu wote, "Mzee, mtoto wako ana homa, tena ameshitakiwa, na Ijumaa atafukuzwa." Mzee hakujibu. Kesho yake alfajiri alimpeleka mtamba wake sokoni, akamwuza kwa bei ya mtu mwenye haraka, apate nauli na fedha za faini, akashika njia.

Habari ya safari yake nitaimaliza mwishoni. Kwanza na tujifunze neno lenyewe.

1. ASILI YAKE

Zamani za Warumi, watu wa nchi ambayo leo ni Ufaransa walikuwa na magari ya kukokotwa na wanyama. Warumi walilitwaa jina la magari hayo katika lugha yao wakaliita "carrus". Katika Kilatini cha baadaye kikatoka kitendo, maana yake kupakia mzigo garini. Kitendo hicho kikapita katika Kifaransa cha kale. Wanormani walipoishinda Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza katika miaka iliyofuata, na hili likawa mojawapo.

Hapa yafaa niwaonye. Msomaji aweza kudhani kwamba neno letu "gari" ni ndugu yake, kwa kuwa yanafanana. La, sivyo. Neno "gari" lilikuja kwetu kutoka Bara Hindi. Kufanana kwa sura si undugu, wala kwa watu wala kwa maneno.

Basi shina ni hili: kupakia, kutwika, mzigo. Mwenye kulishika shina hili hatapotea sana katika matawi.

2. MATAWI YAKE

Tawi la kwanza ni gharama. Muuza duka akitaja "charge", asema habari ya fedha utakayotoa. Ni mzigo uwekwao juu ya mfuko wako. Penye kibao kisemacho "free of charge", ingia bila hofu, maana ni bure.

Tawi la pili ni shitaka. Polisi au mwendesha mashitaka akilitumia, asema kwamba mtu ametwikwa kosa, naye hana budi kulijibu. Angalia vema: kutwikwa mzigo si kuthibitishwa kuwa ni wako. Mwenye kushitakiwa bado hajahukumiwa.

Tawi la tatu ni ulinzi na uangalizi. Mtu aliyekabidhiwa watoto, wagonjwa, ghala au ofisi, hivyo vyote ni "charge" yake, maana amebebeshwa mabegani. Katika kanisa la Scotland hata usharika aliokabidhiwa mchungaji huitwa kwa neno hilihili. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza katika chuo cha theolojia, nilicheka, kisha nikanyamaza.

Tawi la nne ni agizo. Mkubwa amwagizapo mdogo kwa uzito, jambo ambalo hana ruhusa ya kulipuuza, amemtwika neno. Jaji, kabla wazee wa baraza la mahakama hawajaenda kushauriana, huwapa maelezo ya sheria. Maelezo hayo nayo katika nchi kadha huitwa "charge".

Tawi la tano ni la baruti na umeme. Bunduki za zamani zilishindiliwa kwa mdomo, baruti kwanza, kisha risasi. Kipimo cha baruti kilikuwa mzigo wa bunduki. Katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin, akiwa Philadelphia, alifanya majaribio ya umeme kwa chupa maalum, naye akalitumia neno hili kwa umeme uliojazwa chupani. Kutoka hapo tumefika kwenye simu zetu. Tusemapo "simu haina chaji", twasema bila kujua kwamba imeishiwa na shehena yake. Tena Waarabu wamefika palepale kwa njia nyingine: neno letu "shehena" latoka kwao, na shina lake hilo, Oman na nchi za Ghuba, hutumika leo kwa mizigo ya melini na kwa kujaza umeme katika simu. Lugha mbili zisizo na udugu zimeona mfano mmoja.

Tawi la sita ni shambulio, yaani askari kuwakimbilia adui na kuwaelemea kwa uzito wao wote.

Wenye kulisoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 watayakuta matawi kadha ya haya. Katika Warumi 8 neno lasimama penye habari ya kuwashitaki wateule. Katika 1 Wakorintho 9 lasimama pale Paulo anenapo juu ya kuihubiri Injili bila kumlipisha mtu. Katika Matendo 8 ni habari ya yule towashi wa Kushi aliyewekwa juu ya hazina ya malkia. Katika Zaburi 91 ni agizo wapewalo malaika. Watafsiri wa Kiswahili hawakuweka neno moja mahali pote pane. Wangefanya hivyo, wangetuharibia mafundisho.

3. JE, KISWAHILI HAKINA MAMBO HAYA?

Wako wasemao, "Kiingereza ni lugha ya fujo, neno moja maana sita!" Ndugu zangu, tusimcheke jirani kwa kuvuja paa, nasi letu lavuja. Fikirini neno "kupiga". Twapiga ngoma, twapiga pasi, twapiga simu, twapiga picha, twapiga magoti, twapiga kura, twapiga hodi. Mgeni aliyeandika katika daftari yake kwamba kupiga ni kutia fimbo, atashangaa akisikia kwamba bibi harusi amepigwa picha na watu wakashangilia.

Lakini yafaa kutenganisha mambo mawili. Kaa wa pwani, kaa la moto, na kukaa kitini, hayo ni maneno mbalimbali yaliyokutana katika sauti. Ni kama watu wasio ndugu waliopewa jina moja. Bali kichwa cha mtu, kichwa cha barua na kichwa cha treni ni neno moja lililotanda. Neno "charge" ni la namna hii ya pili. Kwa hiyo mwanafunzi asikariri maana sita kama vitu sita, ashike mzigo, kisha aulize, "Mzigo gani, na umewekwa juu ya nani?"

4. NJIA YA KUTAMBUA

Kwanza, mtazame msemaji na mahali alipo. Neno la hakimu si la muuguzi, wala la fundi wa umeme si la karani wa benki.

Pili, yatazame maneno madogo yaliyo jirani. Likifuatwa na "with" katika habari za polisi, ni shitaka. Likifuatwa na "for" dukani, ni bei. Na hapa pana mtego mkubwa. Mtu aliye "in charge of" watoto ndiye msimamizi wao. Bali mtu aliye "in the charge of" mwingine ndiye anayesimamiwa. Neno "the" peke yake limemgeuza bwana kuwa mwangaliwa. Msiyadharau maneno madogo.

Tatu, jua kinyume chake. "Discharge" ni kutua mzigo. Meli hushusha shehena, bunduki hutoa risasi, mdeni humaliza deni, askari huachiliwa kazi yake, mfungwa huachiliwa, mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani. Yote ni kutua.

Nne, ukiona shaka, uliza. Hili ndilo kubwa kuliko yote, tena ndilo gumu, maana lahitaji mtu akiri kwamba hajui.

Wala si wanafunzi tu wapotewao. Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Krimea, jeshi la Waingereza lilipigana na Warusi penye Balaclava. Jemadari wao, Lord Raglan, alisimama juu ya kilima, akaona adui wakitaka kuichukua mizinga waliyoiteka. Akapeleka amri kwa maandishi kwamba wapanda farasi wasonge mbele, wawazuie adui wasiichukue mizinga. Aliyeipokea, Lord Lucan, alikuwa bondeni. Mizinga ile ya kilimani hakuiona. Alimwuliza mjumbe, Kapteni Nolan, ni mizinga ipi. Mjumbe akanyosha mkono kwa hasira kuelekea bondeni, wala hakufafanua. Basi wapanda farasi kama 670, wakiongozwa na Lord Cardigan, walifanya "charge" katika bonde lenye mizinga mbele na kandokando. Kama 110 walikufa, na Nolan akafa miongoni mwa wa kwanza. Neno "mizinga" kila mtu alilijua. Aliye juu alikuwa na mizinga yake, na aliye bondeni alikuwa na yake.

5. MWISHO WA HABARI YA MZEE

Sasa narudi kwa mzee wetu. Alisafiri siku mbili, akafika hospitalini Ijumaa, fedha zake zimefungwa katika kitambaa. Alimkuta mwanawe ameketi barazani, amevaa viatu, ana furushi lake. Hapakuwa na askari, wala faini. Muuguzi yule alimsalimu kwa Kiswahili kidogo alichokijua, akamwambia kwamba mtoto alikuwa chini ya uangalizi wake, na leo ameruhusiwa. Hivyo ndivyo barua ilivyokuwa imesema tangu mwanzo.

Aliporudi kijijini nalijificha siku nzima. Jioni baba yangu alinishika mkono akanipeleka. Nikapiga magoti nikasema, "Shikamoo, mzee. Nisamehe." Alipokea salamu yangu, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe hukunidanganya, ulikuwa hujui tu. Lakini mbona hukuniambia kwamba hujui? Ningalimtafuta mwalimu. Mwalimu anakaa ng'ambo ya mto tu." Kisha akamwambia mkewe anipe chai.

Mtamba yule hakurudi. Alikwisha kununuliwa na mtu wa mbali. Kila nilipopita penye zizi lile nalilikumbuka neno "charge", na mzigo niliomtwika mtu asiye na kosa.

Basi, ninyi vijana mliosoma, mtaitwa mara nyingi kuwasomea wazee wenu barua, dawa, hati za mashamba na karatasi za benki. Mzee akikupa karatasi yake, amekukabidhi jambo lake, nawe umekuwa mwangalizi wake kwa muda ule. Soma polepole. Lile ulijualo liseme, lile usilolijua, sema, "Neno hili silijui, na tumwulize mwenye kulijua."

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Barua ya hospitali yasema matibabu ni "free of charge". Je, mgonjwa aende na fedha za matibabu?
2. Mwalimu mmoja yu "in charge of" mabweni. Mtoto mmoja yu "in the charge of" shangazi yake. Ni nani msimamizi, na nani asimamiwaye?
3. Tafuteni neno la Kiswahili lenye matawi mengi, mlitaje shina lake, kisha mwonyeshe jinsi kila tawi lilivyochipuka.