Mkupuo Unapita, Mwezi Unabaki

Mwalimu wa shule ya msingi anayestaafu akiwa na miaka 60 huwa ameshapigiwa hesabu na watu wengi kabla hajaipiga mwenyewe. Shemeji ameona kiwanja, kijana ana wazo la bodaboda tatu, jirani anajua banda la kuku linalouzwa. Wote wanazungumzia mkupuo. Pensheni ya kila mwezi, ambayo ndiyo itakayomlisha miaka 20 ijayo Mungu akijalia, haina anayeiulizia.

Tuanze na hiyo. Chukua mtumishi wa umma aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, na ambaye wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ya kumi ya mwisho ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 10,800,000. Kikotoo cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kinazidisha kiasi hicho kwa 360 na kugawanya kwa 580, ikapatikana pensheni ya mwaka ya kama milioni 6.7. Sehemu inayolipwa kwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha sehemu hiyo hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani wangepata nusu, kwa hiyo huyu wetu anaondoka na takriban milioni 33.5 mkononi na 335,000 hivi kila mwezi. Kwa walio kwenye asilimia 35, mkupuo ni kama milioni 29.3 na pensheni ya mwezi ni 363,000. Kelele nyingi za kikotoo zimekuwa juu ya tarakimu ile kubwa. Tazama ile ndogo: aliyezoea mshahara wa laki tisa, hata kama makato yalikuwa yanaula, sasa ana laki tatu na ushee.

Na hiyo laki tatu haikui yenyewe kila bei zinapopanda. Bei zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, baada ya miaka 10 zile 335,000 zitanunua vitu vinavyonunuliwa leo kwa takriban laki mbili na nusu.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa kuzalisha mkupuo kwa biashara unaniogopesha. Kazi ya kwanza ya fedha ile ni kupunguza matumizi ya kila mwezi, ili pensheni itoshe. Anayelipa kodi ya nyumba 100,000 akimalizia vyumba viwili vya nyumba yake na kuhamia, hata kabla ya dari na rangi, amejiongezea 100,000 kila mwezi bila mteja, bila mtaji wa kuzungusha, bila kuamka saa kumi. Tangi la kuvuna maji ya mvua, bati jipya mahali pa lile linalovuja, mtungi wa gesi kwa anayenunua mkaa kwa kopo: vyote ni vya namna hiyohiyo. Kabla ya kutumia chochote, andika matumizi ya nyumbani kwa mwezi mzima, kisha uliza ni yapi yanaweza kuuawa kabisa kwa malipo ya mara moja. Madeni yawe ya kwanza kwenye orodha hiyo.

Kuku wa nyama wana soko, sibishi. Lakini ni kazi ya chanjo kwa tarehe, chakula ambacho bei yake huipangi wewe, na usiku wa kukesha vifaranga wakipata baridi. Hata vijana wanaoifanya kila siku hupata hasara. Mstaafu anayeanza na kuku 500 analipia masomo kwa akiba ya uzeeni. Bodaboda aliyokabidhiwa mpwa huleta hesabu ya siku miezi ya mwanzo, halafu inaanza kuharibika kila Ijumaa. Ukitaka kufuga, anza na wachache wa kienyeji wa mayai ya nyumbani, na tuta la mchicha na matembele. Biashara unayoijua tangu ukiwa kazini, iliyokwisha kujiendesha, ni habari nyingine.

Kinachobaki baada ya nyumba na madeni kihifadhiwe mahali panapochosha kuchukua. Hati fungani za serikali huuzwa kwa mnada na Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni moja, na riba yake hulipwa mara mbili kwa mwaka. Miezi hiyo miwili ipangie mambo makubwa kama ada ya mjukuu au ukarabati. Vipande vya UTT AMIS vinawafaa wenye kiasi kidogo zaidi, na Mfuko wa Ukwasi ni mzuri kwa akiba ya dharura kwa sababu fedha hutoka ndani ya siku chache za kazi. Siku hizo chache zina faida yake: ndugu akipiga simu usiku ana shida, unamjibu kwa ukweli kwamba hazipo mkononi.

Zipo pia nafuu ambazo mzee haletewi mlangoni. Sera ya nchi inatoa matibabu bila malipo katika vituo vya serikali kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini lazima utambuliwe na mtaa au kijiji na upate kitambulisho. Uliyekuwa mwanachama wa NHIF kazini, uliza ofisi yao masharti ya kuendelea kutibiwa wewe na mwenza wako, na uulize kabla ya siku ya kustaafu. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU inaweza kusamehewa kwa mzee anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, ulizia halmashauri. Pia waulize TANESCO uko kundi gani la bei ya umeme, kwa maana kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, limekuwa likilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, wakati kundi la kawaida lililipa 292. Kwa wazee wawili wasiopika kwa umeme, uniti 75 zinatosha. Zanzibar, aliyefika miaka 70 ana haki ya Pensheni Jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 na baadaye ikapandishwa hadi 50,000.

Linalobomoa bajeti ya mstaafu kuliko unga na mafuta ni michango. Kadi ya harusi moja ya 50,000 ni karibu sehemu ya saba ya pensheni ya mfano wetu. Tenga kiasi cha mwezi, tuseme 30,000, misiba ikitangulia. Kikiisha, nenda ukashiriki kwa nguvu na maneno. Wenye kamati wananung'unika mwaka wa kwanza, kisha wanazoea.

Mwisho, kadi ya benki. Wakopeshaji wa kausha damu hupenda wastaafu kwa sababu pensheni haikosi kuingia: wanachukua kadi na namba ya siri, wanatoa kabla yako, na deni haliishi. Usimpe mtu kadi hiyo, hata akiwa amekuokoa hospitalini. Matapeli nao hupiga wakijifanya maofisa wa mfuko, mafao yamekwama, tuma kiasi kidogo yatoke. Hakuna malipo ya kutoa mafao. Kata simu, nenda ofisini na kitambulisho chako, na ukiwa huko ukamilishe uhakiki wa mwaka ikiwa bado, maana asiyehakikiwa pensheni yake husimamishwa, na mwezi huo ndio wakopeshaji wanaousubiri.