MKANDA WA MASHINE HUUAWA NA JOTO
Somo kwa Kamati na Waendesha Mashine wa Vyama vya Msingi



Katika hesabu za mwaka, mikanda, matairi na mipira ya mafuta hufichwa chini ya neno moja: "matengenezo". Somo hili linahusu fedha zinazopotelea hapo.

Siku moja nilikagua vitabu vya chama kimoja katika eneo la Magole. Nilikuta hati tatu za malipo ya mikanda ya mashine ya kukoboa mpunga, zote za msimu mmoja. Nilimhoji Katibu mbele ya Kamati kwa sauti ambayo leo naijutia, kwani moyoni nilikwisha kuamini kuwa mikanda miwili ilinunuliwa katika karatasi tu. Katibu hakubishana. Alinipeleka nyuma ya mashine, akanionyesha mikanda yote mitatu imetundikwa msumarini. Mbavu zake ziling'aa kama kioo, na ndani ilikuwa imepasukapasuka. Mwizi alikuwapo, lakini hakuwa mtu.

Tabia ya mpira

Mpira umejengwa kwa nyuzi ndogo sana, ndefu, zilizojikunja ovyo. Ukiuvuta, nyuzi hunyooka. Ukiuachia, hujikunja tena. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa hauwi tena laini wakati wa joto wala hautakakamaa wakati wa baridi, kwa sababu nyuzi zake hufungamana.

Hata hivyo, mpira haurudishi nguvu yote unayoupa. Sehemu yake hugeuka kuwa joto. Liguse tairi la trela lililopungua upepo baada ya safari ya Dumila hadi Kilosa: litakuwa na moto kuliko mwenzake lililojaa, kwa sababu limekunjwa zaidi katika kila mzunguko. Mkanda uliolegea nao huteleza juu ya puli na kuungua kwa msuguano. Joto likizidi, mpira hukauka, hukakamaa, kisha hupasuka.

Mpira wa asili na wa kiwandani

Mpira wa asili ni utomvu wa mti. Hapa nchini mti huo ulipandwa Muheza na katika bonde la Kilombero, mkoani kwetu Morogoro. Mpira huu hauchaniki upesi na haupati joto jingi, ndiyo maana hutumika sana katika matairi ya malori. Adui zake ni mafuta na jua kali.

Mpira wa kiwandani hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Ulienea sana baada ya mwaka 1942, Wajapani walipoteka nchi za Asia zilizokuwa na mashamba makubwa ya mpira. Aina zake ni nyingi: upo unaostahimili kusuguliwa, na upo unaostahimili mafuta. Kwa hiyo usizibe bomba la dizeli kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mafuta yataulainisha na kuuvimbisha, na dizeli ya chama itamwagika.

Kamati ihakikishe mambo haya

1. Puli mbili ziwe katika mstari mmoja. Pima kwa kamba iliyonyooshwa.
2. Mkanda mpya ukazwe tena baada ya saa chache za kazi, kwa kuwa hurefuka kidogo.
3. Usikazwe kupita kiasi, kwani utaharibu bearingi.
4. Mkanda unaoteleza usipakwe grisi wala mafuta.
5. Akiba ya mikanda na matairi itunzwe kivulini, mbali na mapipa ya mafuta.
6. Upepo wa matairi upimwe kabla ya kupakia mzigo.

Katika chama nilichokitaja, boliti za injini zilikuwa zimelegea na puli zikaacha mstari. Ziliponyooshwa, msimu uliofuata hati ya mkanda ilikuwa moja tu. Nilirudi nikamwomba radhi Katibu mbele ya Kamati ile ile.

Maswali ya kujadili

1. Je, chama chetu kilinunua mikanda na matairi mangapi msimu uliopita, na kwa shilingi ngapi?
2. Vile vilivyoharibika viko wapi? Vinaonyesha nini?
3. Nani amepewa kazi ya kukagua mashine kila asubuhi?